Ndugu wa Marehemu

Maji yalikuwa yameshagusa ngazi za Hifadhi ya Marehemu, na Mkuu Shekiondo bado anabishana.

"Ndugu Namkunda, nakili yaliyomo, tuondoke. Hizo kufuli tutazitengeneza tukishafika juu."

"Hatutazitengeneza, Mkuu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna atakayekumbuka zilikuwaje. Waliozitaja wamekufa."

Shekiondo alishusha pumzi, akatazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Mamlaka ya Maji ilimtuma kutoka Mji wa Juu aje kuwachukua marehemu wa Gonja kabla bwawa halijalimeza bonde zima, na yeye alitaka kazi iishe arudi kwake akavue viatu vyake vyenye tope. Lakini Namkunda alikuwa mshika funguo wa Hifadhi ile tangu usichana wake, na ukaidi wake ulijulikana mji mzima. Ukimwambia fanya haraka, ndiyo kwanza anavuta kiti.

Watu wa Gonja walikuwa hawafi wakaisha. Mtu akikaribia kukata roho, mtambo ulichukua kumbukumbu zake zote, za kheri na za shari, ukazipanga kama nyumba: sebule, ua, na chumba cha ndani. Sheria ilikataza kufuta hata neno moja. Kilichoruhusiwa ni kufunga tu. Ndiyo maana mshika funguo aliitwa kitandani kwa mgonjwa, akakaa karibu yake na kumuuliza: chumba hiki aingie nani? Jibu lililotoka ndilo lililoandikwa, vilevile lilivyotamkwa. Huo ulikuwa usiri wa mwisho ambao binadamu alibakiziwa, na Namkunda aliulinda kwa wivu.

"Njoo nikuonyeshe," alimwambia Shekiondo.

Alimchagua marehemu mmoja, fundi wa baiskeli ambaye hakuacha mke wala mtoto wa kuaibika. Akainakili kumbukumbu yake kienyeji, yaliyomo tu, kwenye sanduku jeusi ambalo Shekiondo alikuja nalo. Kisha akavaa glavu ya mgeni. Glavu hiyo ilikuwa na alama za vidole vya mtu asiyekuwapo duniani. Wenye kazi hiyo huitumia kujaribu milango, kuona kama asiyehusika anaweza kupita. Aliugusa mtambo wa zamani kwenye chumba cha ndani cha fundi. Mlango ukakataa. Akagusa sanduku jeusi. Mlango ukafunguka, na sauti ya fundi ikaanza kueleza, bila haya, alivyokuwa akimpenda mke wa pacha wake.

Shekiondo alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Umeona?" Namkunda alifunga haraka. "Nakala ukiichukua hivihivi inazaliwa upya, Mkuu. Haijui ilikotoka. Mwenye nayo anakuwa wewe uliyeinakili, na kufuli zake zinakuwa zile za nyumba inayoingia. Na sanduku lako halina kufuli."

"Sasa tufanyeje?"

"Tubebe vyote. Jina la mwenye nayo, kwanza. Kufuli ya kawaida, pili. Na tatu, orodha ya majina ya pembeni, wale ambao marehemu aliwataja mmojammoja. Hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau, kwa sababu haionekani mlangoni. Lazima uulize ndipo ikujie."

"Itachukua muda."

"Itachukua."

Walikaa. Maji yalipanda ngazi moja, yakapanda nyingine. Sanduku likanguruma taratibu, likiwameza watu wa Gonja na milango yao. Kazi ilipokwisha, Namkunda akatoa orodha za kufuli za pande zote mbili, akazilinganisha mstari kwa mstari na kidole chake kikitangulia. Zililingana herufi kwa herufi. Akavaa tena glavu ya mgeni, akajaribu mlango huu na ule kwenye sanduku. Yote ilikataa.

"Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu. "Wamefungwa vizuri. Sasa zima."

Walitoka na sanduku kichwani pa Shekiondo, maji yakiwafika magotini. Namkunda hakugeuka nyuma. Aliogopa angelia mbele ya mgeni, na hilo hakulitaka hata kidogo.

* * *

Mji wa Juu ulikuwa safi mno. Kuta nyeupe, mabomba kila kona, na watu wakisalimiana kwa neno moja tu: Ndugu. Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mfagizi, Ndugu Mtuhumiwa. Waliokuja na Namkunda kutoka bondeni waliona vichekesho mwanzoni, wakaigana wao kwa wao kwenye foleni ya kusajiliwa. "Ndugu mume wangu, hebu nishikie huu mzigo." Kicheko kilikatika walipofika mezani, maana swali la kwanza la msajili lilikuwa moja kwa kila mtu: je, wewe au mzazi wako ni wa Wavunja Lango?

Hao ndio waliolipasua lango la bwawa la kwanza wakati wa kiu kubwa, wakazama askari wengi wa Mamlaka. Uzao wao haukuwa na haki ya maji ya Mji wa Juu. Aliyegundulika alishushwa Nyika, kule kusikokuwa na mto wala kisima, na mtu aliyeshushwa Nyika hakuna aliyewahi kupata habari zake.

"Hapana," wote walijibu, na wote walipita.

Sanduku lilichomekwa kwenye mtambo mkubwa wa Mji wa Juu, na Namkunda akapewa mpaka machweo kukagua. Utaratibu ulikuwa hivi: mpaka jua lizame yeye bado ndiye mleta mzigo, na mleta mzigo hawezi kubadili kufuli, ila anaweza kuikataa nakala iliyoharibika njiani, ikatupwa. Jua likishazama milango inawashwa na marehemu wanakuwa mali ya mji. Baada ya hapo hana mamlaka hata ya kugusa kitasa.

Alitoa orodha za kufuli tena. Herufi kwa herufi, zilikuwa zilezile. Mtu mwingine angetia saini akaenda kutafuta chai. Namkunda naye alishainua mkono atie saini, lakini Nakijwa akamjia moyoni.

Nakijwa alikuwa mkunga. Nusu ya Gonja ilipita mikononi mwake, na hata baada ya kufa hakustaafu: mwanamke akishikwa na uchungu, walifungua sebule ya Nakijwa pale chumbani, na sauti yake ikamhesabia pumzi mpaka mtoto akatoka. Wanawake wa Gonja walikuwa hawajui kuzaa namna nyingine. Siku ya kufa kwake alimshika Namkunda mkono, akaukaza. "Chumba cha ndani, mdogo wangu, kiangalie sana." Namkunda akamuuliza kama alivyowauliza wote: aingie nani? "Ndugu zangu tu." Akaandika: ndugu.

Basi akavaa glavu ya mgeni, ili moyo wake utulie tu, akagusa mlango wa chumba cha ndani cha Nakijwa.

Mlango ukafunguka.

Alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Angepaswa kufunga papo hapo. Mikono haikumtii. Ndani, mvua ilikuwa ikipiga bati, na Nakijwa alikuwa amepiga magoti kwa mwanamke ambaye Namkunda hakuwahi kumwona, mwanamke mwenye tope la bwawani mpaka mapajani. Nje askari walikuwa wakigonga nyumba za jirani. "Mmelivunja kweli?" Nakijwa aliuliza. "Tumelivunja," mwanamke akajibu, na akazaa, na akafa. Nakijwa alimfunga mtoto kwenye khanga, akatokea mlango wa nyuma hadi kwa jirani aliyejifungua mtoto mfu siku ileile. "Nyamaza kulia, mama. Mtoto wako huyu hapa. Mwite Niendiwe."

Namkunda akafunga. Akakaa sakafuni.

Niendiwe! Alimfahamu. Mwalimu wa watoto wadogo, binti wa watu mwenye heshima zake, na alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Asubuhi ile ile alikuwa mbele yake kwenye foleni, na alipoulizwa swali la msajili alijibu "hapana" kwa moyo mweupe, maana hakujua.

Lakini mlango umefungukaje? Kufuli ilikuwa pale. Neno lilikuwa pale. Akainuka, akauliza mtambo swali ambalo hakuwahi kufikiri mtu angelazimika kuliuliza: Ndugu ni nani?

Mtambo ukaanza kutaja. Ndugu Mkurugenzi. Ndugu Mfagizi. Majina yalishuka yakashuka, mji mzima mpaka watoto wachanga, na mahali fulani katikati yao kikapita kitambulisho cha glavu yake mwenyewe, ambayo mtambo uliisajili ilipougusa tu: Ndugu Mgeni.

Ndipo akaelewa. Kule Gonja, kila marehemu alikuwa na fungu lake la ndugu, na mtambo wa zamani uliwajua ndani yake ni akina nani: huyu, huyu na yule, waliotoka tumbo moja. Lakini walichobeba sandukuni ni jina la fungu, si watu wa ndani yake. Njiani, lilipokuwa halijachomekwa popote, neno halikumtambua mtu yeyote, na milango ikakataa. Lilipofika hapa likakuta fungu jingine lenye jina lilelile. Kufuli ilihifadhiwa kikamilifu, haikukwaruzwa hata kidogo. Ila ufunguo wake sasa ulikuwa mfukoni mwa kila mtu.

* * *

"Mkuu, ndugu wa Gonja si ndugu wa hapa."

Shekiondo alikuwa amebadili viatu. Alimsikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Namkunda hakumtaja Nakijwa. Alizungumzia marehemu wote waliosema "ndugu", na walikuwa mamia.

"Kwetu wote ni ndugu," alisema Shekiondo. "Ndiyo msingi wa mji huu. Wewe unaniambia niandike kwamba baadhi ya raia si ndugu?"

"Nakuambia marehemu hakumaanisha ninyi."

"Marehemu alisema neno, ukaliandika, tumelibeba kama lilivyo. Si wewe uliyenifundisha?" Hakuwa akimkejeli. Alionekana kuona fahari kwa kuwa mwanafunzi mwema. "Mwenye malalamiko alete. Nitaingia chumba hicho, nisikilize, nikiona kuna sababu nitakifunga."

"Lazima usikilize?"

"Ee, siwezi kufunga mlango bila kujua kilicho nyuma yake. Na mimi nikisikiliza, Mamlaka imesikiliza." Akainama mbele kidogo, sauti ikapungua. "Kuna mlango fulani unaokusumbua, Ndugu Namkunda?"

"Hakuna," alijibu. "Nawaonea haya watu, basi. Kuna ndoa zitavunjika humo."

"Zitavunjika," alikubali Shekiondo. "Watazoea."

Aliporudi kwenye mtambo jua lilikuwa limeinama. Namkunda alipiga hesabu ya njia zake, na zote zilikuwa za miiba. Angeweza kukikataa chumba kimoja tu, kile cha ndani. Lakini marehemu anayefika pungufu chumba kimoja anamwonyesha kila mtu pa kutazama; wangeuliza kilikuwa na nini, wangemwita kila jamaa, wangemvua Niendiwe mpaka mfupa. Angeweza kuwakataa wote waliosema ndugu. Mzigo mzima ungesimamishwa, ukafunguliwa, ukasikilizwa chumba kwa chumba. Marehemu mmoja, mzima, kupotea njiani, hilo mtu angeweza kulimeza.

Na mtambo wa Gonja ulikuwa chini ya maji. Nakala ile ndiyo ilikuwa Nakijwa. Akiikataa, mkunga anakufa, na safari hii anakufa kweli. Kwa kazi yake, tangu aanze, hakukuwa na uovu uliouzidi huo. Ulikuwa na jina lake, nalo lilikuwa kuua marehemu, na adhabu yake ilikuwa ileile ya Wavunja Lango.

Loo, mtu na akili zake anafanyaje hapo? Namkunda alilia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akimtukana Nakijwa kwa kumtwika mzigo ule, akijitukana mwenyewe kwa kuandika neno moja pale ambapo majina yalihitajika. Kungekuwa na tabu gani kuuliza: ndugu zako ni akina nani, dada? Lakini Gonja nani angeuliza swali kama hilo? Lingekuwa tusi kitandani pa mgonjwa.

Akafungua sebule. Alitaka kumsikia mara ya mwisho.

"Vuta pumzi, mwanangu," Nakijwa alikuwa akisema, mchangamfu, kama mtu anayesimamia jambo la furaha. "Usiogope, mimi nipo. Toa taratibu. Tena. Hivyo hivyo, mwanamke wee, unajua!"

Akamwacha amalize. Kisha akavua glavu, maana kukataa nakala kulitaka mkono wenyewe, akaweka kiganja juu ya kioo, akachagua: imeharibika njiani. Mtambo ulimuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo.

* * *

Jua lilizama na milango ikawashwa, na wiki ile Mji wa Juu haukulala. Watu walifanya kuingia vyumba vya marehemu wa Gonja ndiyo starehe yao. Wanandoa wakaachana. Mzee mmoja akajinyonga. Watu wa bondeni wakawa wanapita wameinamisha vichwa, na kila aliyevuliwa nguo alijua wa kulaumiwa: mshika funguo, aliyewaahidi kwamba wamefungwa vizuri. Nyumba yake ilitupiwa taka.

Nakijwa akatafutwa siku mwanamke wa kwanza wa Gonja aliposhikwa na uchungu. Hakuwapo. Yule mwanamke alizaa akipiga kelele, mtoto hakuishi.

Shekiondo alichunguza, kwa kuwa ilikuwa kazi yake. Mtambo ulikuwa na kumbukumbu zake wenyewe, nazo zilisema nakala ya mkunga ilifika nzima, haina hata mkwaruzo, na ilikataliwa kwa mkono. Kufuli ilikuwa "ndugu", sawa na mamia ya nyingine, na hilo halikumwambia kitu. Akamwita Namkunda barazani mbele ya watu.

"Ilikuwa nzima. Kwa nini uliikataa?"

"Mkono uliteleza."

"Mtambo ulikuuliza mara ya pili."

"Uliteleza mara ya pili."

Watu walizomea. Shekiondo alimtazama, na Namkunda aliona yule mtu alitaka sana apewe sababu, sababu yoyote, apate kumwokoa. Lakini angesema hata robo ya ukweli, wangechimba mpaka waipate iliyobaki.

"Nani anamsemea marehemu?" Shekiondo aliuliza.

Niendiwe ndiye aliyesimama. Tumbo lilikuwa limeshuka, na alijishikilia kiuno kwa mkono mmoja. Alikuwa hata hajatayarisha maneno.

"Mimi si damu ya Mama Nakijwa," alisema. "Ila yeye ndiye aliyenipokea. Mama yangu aliniambia nilizaliwa siku mbaya, ya mvua na askari, na Mama Nakijwa akasema mtoto huyu mwiteni Niendiwe, yaani nimependwa. Nilikuwa naingia sebuleni kwake tangu niko mdogo. Nilikuwa namwambia mambo yangu, ingawa najua hajibu." Akamnyooshea Namkunda kidole. "Huyu mwanamke amemuua, na hata sababu hana. Anasema mkono uliteleza! Mkuu, mimi naomba ashushwe."

Namkunda alimsikiliza akiwa ameinamisha uso. Asingeweza kuutazama ule uso wa binti bila wake mwenyewe kumsaliti. Baraza halikuchukua muda.

Walimtoa asubuhi, na dumu moja la maji, kupitia lango la chini. Watu wa Gonja walikuja kumgeuzia migongo, kama walivyofanya tangu zamani kwa mtu asiyesamehewa. Niendiwe peke yake hakugeuka. Alimsogelea mpaka wakakaribiana, akipumua kwa shida, na jasho kwenye paji la uso. Uchungu ulikuwa umeanza. Namkunda alikuwa mtu mzima, aliona.

"Shikamoo," Niendiwe alisema, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Yale maneno yake ya kuhesabu pumzi, wewe umesikia wanawake wengi wakizaa, unayakumbuka yalivyokwenda?"

Namkunda aliyakumbuka yote. Akaweka dumu chini, akamshika mikono yote miwili mbele ya askari, na binti hakuikwepa. "Vuta pumzi," alisema. "Usiogope. Toa taratibu. Tena. Hivyo hivyo."

Walifanya hivyo mara kadhaa, wakitazamana, mpaka ule uchungu ukapita. Kisha Niendiwe akachomoa mikono yake, akajifuta uso.

"Hukuyasema kama yeye," alisema, akaondoka.

Askari akamwelekeza Namkunda njia. Aliinua dumu lake, akaanza kushuka.